UZI MAALUMU: Pemba kwa anayetaka kuiona, siyo kupita tu

Bint Konde (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, habari za saa hizi wakuu.

Kila likizo ikikaribia marafiki zangu wa Bara wananiuliza swali lilelile: tunakuja Zanzibar, tuone nini? Nikiitaja Pemba, wanataka kujua kama kuna chochote huko zaidi ya karafuu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nayaweka yote hapa. Mie ni mzaliwa wa Konde, ndugu zangu wapo huko mpaka leo, na kazi yangu hunizungusha kisiwa kizima, kutoka Mkoani hadi Makangale.

Kwanza tuelewane. Pemba si Unguja ndogo. Anayekuja akitafuta Nungwi au Paje, migahawa imepangana ufukweni na muziki mpaka alfajiri, hatavipata. Hiki ni kisiwa cha vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga, pembeni mikoko na mahori ya bahari yanayopenya ndani hadi karibu na mashamba. Waarabu wa zamani walikiita Jazirat al-Khadra, kisiwa cha kijani. Urefu wake ni kama kilomita 67 na sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441, kwa hiyo msidhani mnakuja porini. Mnakuja majumbani mwa watu. Vitu vingi vizuri vya kuona havina kibao barabarani. Vinataka mambo matatu: mwenyeji wa kukupeleka, msimu wake, na maji ya bahari yawe yamekaa vizuri. Ukiyapuuza hayo utapita Pemba nzima na kurudi ukisema hakuna kitu.

Naanza na kwetu kaskazini, maana ndiko ninakokujua zaidi.

Kutoka Konde kwenda Makangale njia inaingia chini ya miti mikubwa na joto linapungua papo hapo. Huo ni Msitu wa Ngezi, hekta 1,400 na ushei, mabaki ya msitu uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya watu kukata na kupanda mikarafuu karne ya 19. Langoni unalipa kiingilio na kupewa mtembezaji. Mchukue, na umpe muda wa kutosha, maana yeye ndiye atakayekuonyesha mvule, mjoho, msufi mwitu, na mpapindi, jamii ya mchikichi ambao kwa asili yake hauoti kokote duniani isipokuwa Pemba. Kuna tumbili, komba, paa wadogo, na kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Wengi huingia saa 6 mchana, wakazunguka kidogo na kutoka wakilalamika kwamba hawakuona mnyama. Ingia asubuhi mapema. Au panga na walinzi mapema uingie usiku, usikie bundi wa Pemba wakiitana. Ni bundi mdogo, mwekundu-kahawia, na hayupo pengine popote.

Ukivuka msitu, mashariki kuna Vumawimbi na magharibi kuna Tondooni na Verani. Vumawimbi ni mchanga mweupe uliopinda kilomita kadhaa, nyuma yake miti, mbele yake bahari tupu. Hakuna mwavuli wala duka, kwa hiyo beba maji na chakula, na uondoke na taka zako. Ncha kabisa, Ras Kigomasha, kuna mnara wa taa wa chuma wa enzi za Waingereza. Ukipata ruhusa ya kupanda, utauona ufukwe wa pande zote mbili na msitu katikati. Mie nimezaliwa karibu na hapo, na mpaka leo nikifika juu nakaa muda mrefu kabla ya kushuka.

Tumbe nayo isipitwe. Ni soko la samaki la pwani, na mnada unachangamka mashua zinapoingia. Jirani yake kuna magofu ya Chwaka, msikiti na makaburi, ambayo wenyeji wanayahusisha na Haruni, anayesemekana kuwa mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa zamani huku Pemba. Watafiti waliochimba maeneo yale, akiwemo Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, walikuta kwamba kijiji cha Tumbe ni cha zamani kuliko magofu yenyewe: watu waliishi pale kuanzia karne ya 7 hivi. Walikuta vigae vingi mno vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugulia shanga. Nikimpeleka mtu pale humwambia asitazame kuta peke yake, aangalie na ardhi anayoikanyaga, maana huko chini kulikuwa na mafundi shanga zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na kigae ukikiona, kiache palepale kilipo.

Nitaendelea na Chake na kusini. Wenye maswali waulize.

Kahawa Chungu

Dada Bint Konde, ahsante sana kwa uzi huu. Niko Dodoma, natarajia kuja Desemba na mke wangu na watoto watatu, mdogo ana miaka sita. Hatuna fedha za hoteli kubwa. Je, Pemba inawezekana kwa familia ya kawaida? Na tunafikaje?

Bint Konde

Kaka Kahawa Chungu, inawezekana vizuri. Ndege ndogo kutoka Unguja hutua Chake Chake, ni kama nusu saa. Kwa familia, boti ndiyo nafuu: Dar mpaka Unguja, kisha Unguja mpaka Mkoani. Boti za Pemba hazitoki mara nyingi kama zile za Dar na Unguja, kwa hiyo ulizia ratiba bandarini kabla ya kupanga siku ya kurudi. Kipande cha baharini baada ya Nungwi huwa na mawimbi, hasa kusi likivuma, Juni hadi Septemba. Desemba kaskazi linaanza na bahari huwa imetulia. Wapeni watoto kitu chepesi asubuhi ile, wasipande na tumbo lililojaa.

Na hili nalisema kwa uzito. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikija kwetu ikiwa imepakia kupita kiasi. Pemba karibu kila kijiji kilizika, au kilimkosa wa kuzika. Tangu hapo sie huiangalia meli kabla ya kupanda. Ukiona imejaa mpaka watu wamekaa njiani, acha tiketi yako ipotee, subiri safari nyingine. Na usikubali kuvushwa na jahazi la mizigo usiku ati kwa sababu ni rahisi.

Kulala, tafuta gesti Chake au Wete. Chake ni katikati ya kisiwa, daladala zinakwenda Mkoani, Wete na Konde. Mkiwa watano, kukodi gari na dereva siku mbili tatu kunalipa kuliko bodaboda, na dereva mzuri wa Pemba ni mtembezaji pia.

Nahodha Mstaafu

Nimesoma kwa furaha, mwanangu Bint Konde. Umetaja maji ya bahari ukapita haraka, na mie nimeishi kwayo, basi niruhusu niongeze.

Wageni hutazama saa, hawatazami mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti yake hupita mita 3. Siku hizo kwetu maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kukauka mnamo saa 4 asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji ni mafu, yanajaa asubuhi mnamo saa 4, na hayaendi mbali. Kila siku saa zinasogea mbele kiasi cha dakika 50. Ukilijua hili umeshajua nusu ya utembezi wa Pemba.

Mfano. Unataka kuwaona kina mama wanaolima mwani upande wa mashariki, na kutembea juu ya mwamba mkavu? Njoo na bamvua, asubuhi. Unataka kwenda Ras Mkumbuu kwa mashua? Maji yakiwa yamekupwa utashuka mbali ukatembee kwenye tope na mizizi ya mikoko, wakati maji yakijaa unafika karibu na magofu. Unataka kuangalia samaki Misali kwa miwani na mrija? Siku za maji mafu mkondo hauna nguvu na maji huwa meupe. Milango ya magharibi, Njao, Fundo na Uvinje, siku za bamvua maji yake yanakwenda kasi mno. Wazamiaji wa mitungi wenye uzoefu huifuata kasi hiyo, wanapelekwa kando ya ukuta wa matumbawe. Huko si kwa mtoto wala kwa mtu wa siku ya kwanza baharini.

Boti yoyote utakayopanda, uliza majaketi ya kuokolea kabla hujalipa, na uyaone kwa macho. Nahodha anayekasirika kwa swali hilo, muache.

Kahawa Chungu

Mzee wangu, shikamoo. Hii ya mwezi sikuwahi kuisikia. Misali ndiyo ipi, na mtoto wa miaka sita anaweza kwenda?

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, ukubwa wake kama kilomita moja ya mraba. Mashua hutoka Wesha. Hakuna mji pale, hakuna hoteli. Kuna wavuvi wanaokwenda dago, wakakaa siku kadhaa na kurudi makwao. Mtoto anaweza kwenda akiwa na jaketi linalomtosha, siyo la mtu mzima.

Wazee wetu wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kuswalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa msala, maana kinaelekea kibla. Kwa hiyo mtu wa Pemba hakichukulii kama mahali pa kuchezea tu. Kuna mapango yanayoheshimiwa, muulize mwenyeji kabla ya kuingia. Mwaka 1998 kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi, na 2005 kikaingizwa katika eneo kubwa zaidi la hifadhi ya mkondo wa Pemba. Lililosaidia ni mafunzo ya misikitini kuhusu uamana wa mtu juu ya viumbe. Wavuvi waliokuwa hawamsikilizi ofisa walimsikiliza imamu. Mie nilikuwa mmoja wa waliokaa wakasikiliza.

Kasa hupanda kutaga pale. Ukimkuta, kaa mbali, zima tochi, usimpige picha kwa mwanga. Kuna pia kaa mkubwa wa nazi, mkubwa kweli, hutoka usiku.

Jirani wa Ruwi

Niko Maskati, wazazi wangu wa Wete. Naomba msiisahau Wete. Wageni wanashuka Mkoani, wanakimbilia Chake na kaskazini, Wete wanapita garini.

Wete ni mji wa kukaa. Teremka mpaka bandarini jioni, uone mashua za Fundo zikirudi na watu na mizigo. Rudi juu ununue halua. Halua ya Wete inapikwa kwa sufuria kubwa juu ya moto wa kuni, mtu anakoroga saa nyingi bila kuiacha, na huku kwetu Oman kila anayetoka likizo anatakiwa arudi nayo. Nimekula halua ya Nizwa na ya Barka, nzuri zote. Lakini ya Wete ndiyo tunayoigawana kwa vipande vidogo.

Kahawa inywewe barazani, siyo ndani ya gari. Ukikaribishwa, kaa, sikiliza. Pale ndipo utakapoambiwa ngoma ya msewe inapigwa wapi wiki hiyo, au nani anakwenda Kojani kesho.

Bint Konde

Kaka Ruwi, umesema kweli. Na Kojani ni pa kwenda: kisiwa cha wavuvi upande wa mashariki, unavuka kwa mashua muda mfupi tu, nyumba zimebanana, hakuna gari hata moja. Wavuvi wa Kojani wanajulikana mwambao mzima, kuanzia Kenya kushuka kusini. Nenda na mtu wanayemfahamu, na kamera ikae mkobani mpaka uruhusiwe.

Sasa niendelee na Chake na kusini.

Chake Chake yenyewe ina ngome kongwe yenye makumbusho madogo. Ingia hapo siku ya kwanza, upate picha ya historia kabla hujaenda kwenye magofu. Kutoka hapo hadi Pujini, kusini-mashariki, ni kama kilomita 10. Pujini ndiko kulikokuwa na ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 anayekumbukwa kwa ukali. Watu wanasimulia kwamba aliwalazimisha watumwa wake kubeba mawe wakijiburuza kwa makalio. Alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana hata kisimani: kisima kilikatwa ukuta katikati, mmoja akichota kwa ndoo na kamba, mwingine akishuka kwa ngazi. Kuna chumba cha chini ya ardhi, na alama za mfereji uliowezesha vyombo kuingia karibu na ngome. Kilichobaki ni kuta zilizoliwa na mizizi. Asiye na msimuliaji atakaa dakika kumi na kuondoka. Mwenye mzee wa kijijini pembeni yake atakaa mchana mzima.

Ras Mkumbuu, aliyoitaja Baba Nahodha, ni rasi ndefu yenye msikiti mkubwa na makaburi ya nguzo. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu aliyepita mwambao huu mwaka 916, aliandika juu ya mji uitwao Qanbalu, na watafiti wengi wanauhusisha na kisiwa cha Pemba. Unaweza kufika kwa miguu ukiwa na nguvu na muda, lakini kwa mashua unapata na hori lote la Chake, na ndege wa mikokoni.

Katikati ya Chake na Wete kuna Kidike, makao ya popo wa Pemba. Hapa nitakaa kidogo. Popo huyu ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa hufika mita 1.6 toka ncha hadi ncha, manyoya yake mekundu kama mbweha. Hayupo nje ya Pemba na visiwa vyake. Zamani aliliwa, akapigwa kwa bunduki na kunaswa kwa nyavu, miti ya kulala ikakatwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti yao, vikapata faida ya kiingilio, na popo wakarudi kwa maelfu. Ukilipa kiingilio Kidike unamlipa mwenye mti. Nenda jioni, ukae chini, uwaone wakiamka na kuondoka kundi baada ya kundi. Usirushe mawe ili waruke upate picha. Nimeona wageni wakiwaomba watoto wafanye hivyo, nikaumia sana.

Lenzi ya Jioni

Dada, mie ni mpiga picha wa ndege. Nimesikia Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine. Kwa nini Pemba iwe na vitu vyake peke yake na Unguja isiwe navyo vingi hivyo?

Bint Konde

Ni wanne: bundi wa Pemba, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule mdogo wa kijani-manjano mwenye duara jeupe jichoni. Bundi kwa Ngezi usiku, lakini wale wengine utawaona hata kwenye mikarafuu na migomba karibu na nyumba. Chozi mpaka uani kwetu.

Sababu ni kina cha bahari. Unguja iko kwenye maji mafupi, na zama ambazo bahari ilikuwa imeshuka iliungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Baina ya Pemba na bara mkondo unafika kama mita 800, kwa hiyo Pemba ilibaki peke yake. Kilichofika kwa kuruka au kuelea kikakaa na kubadilika kivyake. Kina hichohicho ndicho kinacholeta samaki wakubwa karibu na pwani yetu, wakiwemo jodari.

Kwa picha za watu, Lenzi, omba kwanza. Kina mama wa mwani wako kazini, nguo zimelowa, hawapendi kupigwa picha na mtu aliyesimama mbali na lenzi ndefu. Nenda, salimia, uliza habari za mwani na bei yake. Ukikataliwa, shukuru uendelee.

Chumvi ya Makangale

Mie natofautiana na nyie kidogo. Nimezaliwa Makangale, Vumawimbi ndiko nilikojifunzia kuogelea. Naona uzi mzima unasifu kwamba hakuna mwavuli, hakuna duka, hakuna hoteli. Wanaosifu hivyo wanakuja siku mbili na kurudi kwenye kazi zao. Vijana wa kijijini wakimaliza skuli wanakwenda Unguja kutafuta kazi za hoteli. Kwa nini zisije kwao? Hapo Kigomasha kuna chumba cha kulala chini ya maji tangu 2013, watu wanatoka nje ya nchi kuja kulala humo. Kwa hiyo wageni wapo.

Bint Konde

Chumvi, wewe ni jirani yangu na unalosema si dogo. Sipingi hoteli. Ninachotaka ni vitu viwili viandikwe kabla ya jiwe la kwanza: njia ya wavuvi kufika ufukweni ibaki wazi, na vijana wa Makangale wasomeshwe kazi zaidi ya kufagia. Unguja zipo fukwe ambazo mvuvi aliyezaliwa pale anaulizwa anakwenda wapi. Hilo nisingependa kuliona Vumawimbi.

Na kuna njia ya kati. Mgeni akilala Konde, akinunua samaki Tumbe, akapikiwa na mama mmoja kijijini, akachukua mtembezaji Ngezi na mashua ya kijana wa Makangale, fedha yote imebaki hapohapo. Kidike wanafanya hivyo na si matajiri, lakini miti ipo.

Chumvi ya Makangale

Kwenye njia ya wavuvi tupo pamoja. Babu yangu alivuta mtumbwi pale. Lakini mama mmoja kupikia wageni wawili kwa wiki hakutoshi kusomesha mtoto. Tuanze na choo cha maana na maji safi pale Vumawimbi, kisimamiwe na kijiji, mgeni alipie. Hata hicho hakipo.

Bint Konde

Hilo nalikubali lote.

Msafiri wa Shimoni

Hamjambo ndugu. Nawaandikia kutoka Kwale, Kenya. Babu alivuka kutoka Pemba na jahazi, akaoa huku, akazikwa huku. Sisi Wapemba wa Kenya tuliishi bila vitambulisho mpaka serikali ilipotutambua kuwa raia mwaka 2023. Sasa ninacho kitambulisho, nataka kwenda kukiona kisiwa ambacho babu alikisimulia. Alitaja Kengeja na mchezo wa ng'ombe. Upo bado?

Nahodha Mstaafu

Karibu nyumbani, mwanangu. Upo. Kengeja, kusini, ni mahali pake hasa, na vijiji vingine pia. Wengi wanasema ni athari ya Wareno. Ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba ndefu, vijana wanamchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, zumari linalia, kina mama wanaimba. Huchezwa zaidi baada ya mavuno, Desemba hadi Februari, na hauna tarehe ya kuchapishwa gazetini: unatangazwa siku chache kabla. Ukiwa Mkoani au Chake, uliza sokoni.

Kuja, pita Lunga Lunga na Horohoro uhakikishe umegongewa karatasi zako, fika Tanga, ulizia boti ya Pemba bandarini. Usipite njia za babu. Zama zile hakukuwa na mpaka, sasa upo.

Ukifika Kengeja taja jina la babu na la baba yake kwa wazee wa msikitini. Watakuuliza maswali mengi, yajibu taratibu.

Msafiri wa Shimoni

Nashukuru sana mzee. Nimelisoma mara nyingi jibu lako.

Jirani wa Ruwi

Kengeja nina mjomba. Msafiri, nitumie ujumbe wa faragha, nitakupa mtu wa kukupokea.

Bint Konde

Bado sijazungumzia karafuu, na Kahawa Chungu unakuja wakati wake. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar inatoka kwetu. Msimu wa vuli utakuta majamvi yametandazwa kila penye jua: uani, kandokando ya barabara, kwenye viwanja. Karafuu huchumwa ikiwa imeanza kupata wekundu kabla haijachanua, ikichanua imeharibika. Jioni familia nzima inakaa kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, na harufu inaingia hadi kwenye nguo. Makonyo nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta kule Wawi, na kiwanda hicho ukiomba unaweza kuonyeshwa. Omba ruhusa uwaone wachumaji shambani, watoto wako watafurahi. Kununua pakiti ya nyumbani ni sawa, lakini usishawishiwe na mtu wa magunia: karafuu ghafi huuzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na biashara ya pembeni ni magendo.

Mavazi: mjini na vijijini vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, mke na mume. Nguo za kuogelea ziishie ufukweni. Ramadhani usile hadharani mchana, na ujue mikahawa mingi imefungwa mpaka magharibi. Sikatazi kuja mwezi huo. Futari ya Pemba, ukialikwa, ni ya kuifuata kutoka mbali.

Wenye pasi za kigeni, wakiwemo ndugu zetu waliochukua uraia ng'ambo: tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima ya safari ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Lipieni kabla ya kufika.

Kahawa Chungu

Ahsanteni nyote. Nimemsomea mke wangu, ameshaanza kupanga mizigo. Tumechagua Chake siku tatu, Konde siku mbili. Mashua ya Misali bei inapangwaje ili nisipunjwe? Na watoto wavae nini miguuni?

Nahodha Mstaafu

Bei ni ya chombo, siyo ya kichwa. Nahodha anahesabu mafuta ya kwenda na kurudi, siku yake na ya baharia wake. Mkiwa watano mnagawana gharama ileile ambayo mtu mmoja angelipa, na mkipata familia nyingine Chake ni nafuu zaidi. Patana kabla ya kupanda: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, chakula kimo au hakimo, kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo. Lipa nusu, nusu mkirudi.

Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kwenye mwamba kuna miiba ya bahari, ikikuingia safari imekwisha. Kofia, maji mengi, na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, kwa sababu jua la Desemba linaunguza mgongo wa mtoto akiwa ameinamia maji bila yeye kuhisi.

Tarehe zenu zikishathibitika ziandike hapa. Nitakuambia wiki hiyo maji yatakuwaje na mtoke Wesha saa ngapi.

Kahawa Chungu

Tunashuka Mkoani tarehe 18 Desemba, mzee. Misali tulifikiria tarehe 20 au 21.

Nahodha Mstaafu

Nimeziona. Leo jioni nakaa na kalenda ya mwezi, kesho asubuhi nakujibu hapahapa, ili na wengine wanaokuja wiki hiyo wafaidike.